Arlys na Koti Jekundu

Kazi ya kulinda watoto wakati wa mapumziko ya shule watu wanaidharau mno. Wanasema, si kusimama tu na filimbi? Haya, njoo usimame wewe. Njoo Januari, theluji imefika magotini, upepo wa ziwani unakata masikio, na watoto themanini wamejifunika kofia na skafu hadi hujui huyu ni nani na yule ni nani. Ni dakika ishirini na tano tu, lakini ukitoka hapo umechoka kuliko mtu aliyepasua kuni kutwa.

Mimi niliingia kazi hii baada ya kustaafu udereva wa malori mgodini. Arlys Koskela nilimkuta pale, ana miaka kumi na tisa tayari uwanjani. Mjane, goti bovu, mfuko mmoja wa kizibao chake umejaa plasta na mwingine umejaa glavu moja moja zilizopoteza wenzao. Siku ya kwanza nilimfuata nimpe salamu, akaninyooshea kidole kabla sijafika. "Rudi kwako, Gordy. Wakubwa wawili wakisimama pamoja wanapiga soga, na wakipiga soga mtoto anavunjika."

Ndiyo kanuni ya pale. Yeye upande wa bembea, mimi upande wa kilima, katikati mita themanini za barafu. Miaka sita tumefanya kazi hivyo, tukizungumza kwa redio ya mkononi, na mazungumzo yenyewe yalikuwa kuchokozana.

"Gordy, umelala?"

"Nitalalaje na kelele zako?"

"Kuna wawili wanakula theluji nyuma yako."

"Ile aliyokojolea mbwa?"

"Hapana, safi."

"Basi waache washibe."

Wakati wa baridi mtoto hana sura, ana koti. Sisi tunawajua kwa makoti, na wazazi wanajua hivyo. Ndiyo maana Janelle Lindahl alipomleta binti yake Britta, mwenye miaka saba, aliyetoka kupasuliwa moyo, alimvika koti jekundu linaloumiza macho. Daktari alisema atoke nje na wenzake, akae, atembee, lakini asikimbie kabisa.

"Hili koti nimekununulia wewe, Bi Arlys, si yeye," Janelle akasema pale mlangoni, amemshika mkono. "Ulione hata ukiwa umegeuka. Niahidi macho yako yatakuwa juu yake."

"Nimeahidi, mama."

Basi Britta akawa wa kukaa kwenye benchi karibu na bembea, Arlys hatua chache nyuma yake. Miezi miwili. Kila siku swali ni lile lile. Nikikimbia mpaka kwenye bembea tu? Hapana, mpenzi. Nikikimbia polepole? Hapana. Siku moja Arlys akaniambia kwenye redio, "Nimechoka kumwambia hapana huyu mtoto. Hata goti halinichoshi hivi."

Alhamisi moja nyayo zangu zilikuwa zimekufa ganzi nami naomba kengele ilie. Upande wangu likatokea koti la bluu, linapanda kilima na kushuka, linapanda na kushuka. Koti la bluu ni la Kaylin, rafiki yake Britta, mtoto mzima wa afya. Alikuwa anakimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba, hata nikacheka. Kisha akalala chali kwenye theluji.

Watoto wetu wote hulala hivyo. Wanapunga mikono na miguu, wakiinuka theluji inabaki na alama ya mtu mwenye mbawa, nao wanasema wamechora malaika. Nikapita hatua kumi kutoka alipo, nikamsifu kwa sauti, "Malaika mzuri huyo, Kaylin." Sikungoja jibu. Nikageuka kuwafokea wavulana waliokuwa wanarushiana mabonge ya barafu.

Kule kwenye benchi koti jekundu likainuka likaanza kukimbia. Arlys akapuliza filimbi, akalifukuza na goti lake hilo, akalishika kofia akaivuta. Ndani yake alikuwa Kaylin, ameshaanza kulia. Walikuwa wamebadilishana makoti chooni. Britta alitaka kukimbia mara moja tu.

"Gordy," redio ikasema. "Koti la bluu liko wapi?"

"Liko hapa, linachora malaika."

"Mikono inapunga?"

Nikatazama. Mikono ilikuwa imetulia.

Nilifika wa kwanza, lakini nilifika tu. Nikapiga magoti, nikamshika bega, akili ikaniganda. Aliyefanya kazi ni Arlys. Sijui goti lile lilivukaje barafu yote, tena kwa kupitia kwanza kwenye ukuta wa shule kuchukua mashine ya kushtua moyo iliyotundikwa pale. Akafungua koti, akabandika waya kifuani, mashine ikasema tukae mbali. Ikashtua mara ya kwanza. Ya pili, Britta akavuta pumzi kwa sauti ambayo nitazikwa nayo.

Aliishi. Nasema mapema msikae roho juu.

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa Bi Tollefson, mwalimu mkuu. Janelle alikuwa amekaa kitini, koti jekundu mapajani. Arlys hakungoja kuulizwa. "Britta alikuwa wangu. Niliahidi, kisha nikaangalia koti badala ya mtoto."

Bi Tollefson akanigeukia. "Na wewe, Gordy? Ulimwona amelala?"

"Sikumwona," nikasema. "Mpaka Arlys aliponiita."

Arlys akatazama glavu zake. Jioni ile alirudisha filimbi na kizibao, baada ya miaka ishirini na tano.

Wiki mbili nilikwepa mtaa wake. Mwishowe nikampelekea mkate wa iliki nyumbani. Akamimina kahawa, tukakaa meza moja kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na hatukujua tuzungumze nini bila redio.

"Arlys, ile siku ofisini..."

"Nilikusikia," akasema. "Ulipomsifu malaika. Wewe una sauti ya dereva wa lori, ilivuka uwanja mzima. Ndiyo maana nilijua pa kuuliza."

"Mbona hukusema?"

"Wangetufukuza wote wawili, Jumatatu angesimama nani pale? Mgeni asiyemjua hata mmoja?" Akakata mkate. "Mimi goti limekwisha. Wewe una macho, ukiamua kuyatumia."

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Akaniacha nilie, akaongeza kahawa.

Siku hizi mtoto akilala kwenye theluji naita, "Mikono!" Wanapunga, wanacheka, wanadhani ni mchezo wa mzee Gordy. Wakiniona nakuja wanajitupa chini makusudi, hata kumi na tano kwa pamoja, na mimi nasimama hapo mpaka wa mwisho apunge. Nachoka mwili na roho, lakini sigeuki.

Mwezi Machi Janelle akamrudisha Britta, koti jipya la njano. Akanishika mkono pale pale mlangoni alipoushika wa Arlys.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyefika wa kwanza," akasema. "Sijawahi kukushukuru. Sasa ni macho yako, Bwana Gordy. Niahidi."

Britta alikuwa ananitazama. Nikavua kofia, upepo ukaniingia masikioni.

"Kabla sijaahidi, mama," nikamwambia, "mimi siku ile nilimwona amelala."