Siku Mama Martina Aliposhika Kipaza Sauti

Mwanangu, ipo siku moja ya mnada pale Dongobesh ambayo nikiikumbuka, mpaka leo mwili unanisisimka kama ndiyo kwanza nimetoka huko. Sogea karibu nikusimulie kabla hujaondoka, maana siku hiyo nilikosea mbele ya watu, na kukosea kwangu ndiko kulikomponya ndugu yangu.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga. Barua nyingine zilikuwa bado zinakuja zimeandikwa Arusha, mkoa tuliomegwa kutoka kwake. Nami nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, najua kuandika muhtasari wa kikao, basi nikachaguliwa katibu wa kamati ya UKIMWI ya kata. Usiulize majivuno yangu! Nilinunua kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, nikazichomeka mfukoni ili zionekane.

Kulikuwa na kikundi cha watu wanaoishi na virusi, wengi wao akina mama, na kiongozi wao akiitwa Mama Martina. Alikuwa mjane, mkulima wa maharage, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Walikuja kwenye kamati kuomba jambo moja tu: waachiwe wao wazungumze na watu, mnadani na nyumba kwa nyumba. Nikamjibu, "Nyie ni wagonjwa, mama. Pumzikeni, kazi hii mtuachie sisi." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, katibu."

Na huku nyumbani kwetu, mwanangu, kaka yangu Boay alikuwa amekonda, haonekani nje tangu wakati wa palizi mpaka mavuno yakapita. Wageni wakimuulizia tulisema amesafiri, yuko Babati. Katibu wa UKIMWI, namficha ndugu yangu wa tumbo moja!

Siku ya mnada ikafika. Nikapanda juu ya mkokoteni, nikasoma hotuba yangu. Ugonjwa unaua. Makaburi yanajaa. Jihadharini. Nesi alikuwa ameketi ndani ya hema na vipimo vyake, wala hakuingia mtu. Watu waliswaga kondoo wao wakapitia upande wa pili, mbali kabisa, kama vile hema lenyewe linaambukiza.

Mama Martina akasogea penye mkokoteni. "Katibu, umetusomea matanga yetu, na sisi tuko hapa tunakusikiliza. Nipe hicho kipaza sauti."

"Mama, ratiba hairuhusu," nikasema.

Baba yangu mdogo, Mzee Bura, naye alikuwa mjumbe wa kamati. Hakupandisha sauti. "Kijana, shuka. Huyu mama amepita huko ambako wewe unakusoma kwenye karatasi."

Nikashuka, masikio yanawaka moto.

Laiti ungemwona! Alianza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, akageukia Kiswahili ili na Wabarbaig waliotoka uwanda wa Hanang wasikie. "Mwaka jana mlinibeba kwa machela mpaka barabarani, nikapelekwa hospitali Mbulu. Walionibeba wako wapi?"

Wanaume wanne wakanyoosha fimbo juu.

"Nilikuwa mzito?"

"Mwepesi kama kifaranga!" mmoja akajibu, na mnada mzima ukacheka.

Basi akaliendea debe la mahindi la mfanyabiashara mmoja, akalinyanyua mwenyewe mpaka kichwani, akalizunguka nalo hema lote! "Nilipima, nikapewa dawa, nazimeza kila siku. Maharage yangu nimelima kwa mikono hii. Anayetaka kujua hali yake, aingie. Majibu yakiwa yoyote, kikundi chetu kitakaa naye, na siri yake haitatoka kwetu."

Vigelegele vikapasua hewa. Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Bura, kofia mkononi. Mfugaji mmoja wa kule Hanang akauliza kwa nguvu, "Na sisi wa Balangdalalu, mtatufikia?" Akina mama wakajibu kwa pamoja, "Tutafika!" Foleni ikarefuka mpaka kwenye mbuzi, nesi akaagiza vipimo vingine zahanati. Mimi nilisimama pembeni, nina aibu, nina furaha, sijui nianze na ipi.

Watu walipopungua nikamwendea Mama Martina. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza habari za Boay huku natokwa machozi. Hakunisema hata kidogo. Aliuliza tu, "Anakula?"

Kesho yake asubuhi alikuja na mwenzake mmoja. Waliketi na Boay peke yao. Sijui walimwambia nini, ila nikiwa uani nilimsikia kaka yangu anacheka! Mwenyewe akaomba kupimwa. Akaanza dawa, na kila mwezi mmoja wa kikundi alipanda naye basi dogo kwenda Mbulu. Mvua ikiharibu barabara, walitembea pamoja. Msimu uliofuata alishika plau, mimi natangulia kuongoza maksai, napiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka kuangalia. Baadaye aliingia kikundini, akawa anakwenda mpaka Masakta kuzungumza na vijana. Leo ana wajukuu, na bado anabishana nami kuhusu mbegu.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipewa cheo cha kusaidia watu, anza kwa kuwauliza wao wamekwisha kufanya nini. Wenye kuishi na virusi usiwaweke kwenye benchi la kusubiri huruma. Wape nafasi, wape nauli, kaa kwenye kikao wanachokiongoza wao. Na kama kwenu kuna mgonjwa, usione haya kumtaja kwa mtu atakayemsaidia, yeye akikubali. Mimi nilikaribia kumzika kaka yangu kwa sababu ya heshima ya ukatibu.

Mungu akupe afya na masikio mapana. Akujalie moyo wa kufurahi wenzako wanaposonga mbele yako. Kila mlango utakaoubishia hodi, wakukaribishe kwa uso mkunjufu. Nenda salama, mwanangu.