Kitenge cha mama pale stesheni

Juzi hapa Manika, mtaani kwetu Kolwezi, niliona akina mama wakitandika vitenge njiani ili padri kijana apite juu yake. Harufu ya vumbi na nguo mpya ikanirudisha stesheni ya mji huu, enzi za Zaire, nilipokuwa msichana mdogo.

Alasiri hiyo padri wetu, tuliyemwita Tata Abbé, alikuwa anasafiri. Alikuwa ameombwa kwenda Kameruni kufundisha seminari kwa mwaka mmoja. Akina mama waliimba huku wakitandika vitenge kutoka langoni hadi kwenye behewa. Mimi nilikuwa nimeona vitenge vikitandikwa hivyo mara moja tu, siku jeneza la babu lilipopitishwa juu yake. Basi nikaelewa kwamba Tata Abbé naye anaenda moja kwa moja.

Nikakivuta kitenge cha mama na kukikumbatia. Pakabaki udongo mtupu, mwekundu.

"We mutoto, rudisha kikwembe!" mama alifoka.

"Hapana!" nililia. "Babu alipita juu ya bikwembe, na hakurudia nyumbani!"

Watu waliangua kicheko. Tata Abbé hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alivua kiatu kimoja, akakanyaga ule udongo.

"Unaona, mama?" aliniambia, kana kwamba mimi ni mtu mzima. "Kikwembe yako sikuikanyaga. Mi nitarudia."

Aliporudi, mama alinipa kitenge kilekile nikitandike mwenyewe. Tata Abbé alivua viatu vyote viwili, akapita juu yake.