Ua Lisilotaka Mbolea

Mama yangu aliposhuka kutoka milimani kuja kukaa kwangu Mikumi, alikuja na kikapu cha mbegu, Biblia yake, na fundo la khanga ambalo hakutaka mtu alishike. Nilidhani ni hela. Tulipofika nyumbani akalifungua juu ya kitanda nilichomtandikia vizuri kwa shuka jipya, na mchanga ukamwagika wote pale. Ndani mlikuwa na vijitunguu vya ua, vidogo kama punje za karanga.

"Mama! Tumebanana kwenye gari la Noah njia nzima, magoti yanakuuma, na wewe umekumbatia mchanga?"

"Nimekumbatia changu," akasema. "Wewe kumbatia chako."

Ndivyo alivyo. Na mimi, wanasema, nimetoka kwake.

Kwetu ni juu ya Kidete, kule ambako ukisimama uwanjani unaiona treni inapita chini kando ya mto Mkondoa. Kuna kilima kimoja pale ambacho hakuna mtu anakilima. Mawe yake ni ya kijani na yanateleza kama sabuni iliyolowa. Ukipanda mahindi yanatoka ya njano, yanakutazama wiki mbili tatu, halafu yanakata tamaa. Hata majani ya mbuzi ni ya kuhesabu. Lakini kuna ua moja la zambarau linaota palepale kwenye changarawe, na halioti mahali pengine popote. Ukivuka kijito tu, huko ambako ardhi ni nyeusi na nzuri, hulioni. Linachanua wakati nchi yote imekauka na kuungua, kabla hata halijatoa jani. Likichanua, kina mama wanajua mvua iko karibu. Jumapili inayofuata wanapeleka mbegu kanisani zikabarikiwe, na juu ya kila kikapu kunawekwa ua moja. Kabla ya hapo hakuna anayetia mbegu ardhini. Kulichuma ruksa, kuling'oa mzizi mwiko. Vijitunguu vya Mama aliviokota mvua ilipobomoa ukingo wa njia.

Nilimchukua kwa sababu alianguka akitoka kuteka maji. Alikaa chini pale njiani na ndoo yake imemwagika mpaka jirani akapita akamkuta. Nilipopigiwa simu nilimfokea kila mtu, mpaka aliyenipigia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

Basi akawa kwangu. Mimi nina mgahawa kando ya barabara kuu, na nyumba yangu iko nyuma yake. Nilimpa chumba chenye feni na neti, nikamwekea redio. Asubuhi chai na chapati, mchana samaki, jioni maziwa. Akishika ufagio, namnyang'anya. Akisogelea jiko, namrudisha kwenye kiti. Wateja wangu walikuwa wananisifu: mama huyu kapata mtoto!

Siku moja, miezi imeshapita, akaniambia mbele ya wateja, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu liko wapi?"

"Mama, wewe si mgeni hapa."

"Kama si mgeni, basi nipe jembe."

Hee! Nikamwambia jembe hapati, uwanja wenyewe wa Mikumi nyani wanavuna kabla yako. Akaenda chumbani akarudi na lile fundo. Akasema tupatane kama watu wazima: nipande ua lake hapa kwangu. Likichanua kabla ya mvua, atabaki Mikumi mpaka Mungu amchukue, wala hatalalamika. Lisipochanua, nimrudishe kwake. Nikakubali papo hapo. Kupanda ua tu? Mimi ninayelisha madereva wa malori ya miwa kutoka Kidodi, ua litanishinda?

Nilitafuta kopo kubwa la rangi, nikalitoboa chini. Nikanunua mbolea ya ng'ombe kwa wafugaji, ile iliyooza vizuri. Nikaagiza udongo mweusi wa mtoni. Nikavipanda vijitunguu vyote isipokuwa kimoja, ambacho Mama alikifunga tena kwenye khanga, akasema hicho ni cha kwake. Nikamwagilia asubuhi na jioni, na maji ya kuoshea samaki juu yake. Jua likawa kali, nikalifunikia kitenge. Majani yakatoka manene, mabichi, yanang'aa. Nikamwita kila mtu aje aone. Kisha yakalala. Nikaongeza mbolea. Nilipofukua, vijitunguu vilikuwa uji.

Jirani yangu pale barabarani ni fundi pancha, mzee wa Kiislamu mtu wa Msowero. Watu wa bondeni na sisi wa milimani ni watani tangu enzi za mababu, na asiyejua utani hajui kazi tuliyonayo. Mtani wako akifiwa, unakwenda msibani kufanya vituko. Unamwigiza marehemu, unalala kaburini mpaka ulipwe utoke, na mfiwa haruhusiwi kununa. Huyu mzee kila asubuhi alimwamkia Mama shikamoo kwa adabu zote, maana shikamoo haitaniwi. Mama akishaitikia marahaba tu, ndiyo anaanza: "Bibi, leo umekula mawe au bado?"

Siku ua lilipokufa, habari zilimfikia kabla sijaosha mikono. Akaja mchana, mgahawa umejaa, amejifunga shuka kichwani. Akakaa chini mbele ya kopo na kuangua kilio.

"Uwiii! Ua la watu! Limekufa kwa kushiba!"

Watu wakageuka. Akasimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko wangu, akaanza kuliambia lile kopo kwa sauti yangu kabisa, "Kula! Kula mwanangu, mbona huli? Usisimame, utaanguka! Usitoke, jua kali! Weka ufagio chini! Mimi si nipo?"

Madereva walicheka mpaka ugali ukapoa. Mmoja alipaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Na Mama, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu ashuke milimani, alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Nami nikacheka, kwa sababu ndiyo sheria. Moyoni nilikuwa nawaka. Maharage ya jioni ile yalizidi chumvi, na aliyelalamika nilimwonyesha barabara.

Sasa wakati ule alikuwa anakula kwangu mpimaji mmoja wa miamba, kijana mpole asiyependa pilipili. Siku moja alikuta jiwe la Mama la kusugulia miguu limeanikwa ukutani, akaligeuza weee, akauliza limetoka wapi. Nikamwambia habari ya kilima. Akasema jiwe hilo wao wanaliita sapentini, maana yake jiwe la nyoka, kwa ile rangi na madoa yake. Udongo wake ni mchoyo, chakula cha mimea kidogo, na una madini ambayo kwa mimea mingi ni sumu. Ua linaloishi pale limeshazoea.

"Ukiliwekea mbolea, mama, hujalisaidia," akaniambia. "Ukilitoa kwenye udongo wake ndiyo umeliua."

Mimi nilichosikia ni kwamba bado naweza kushinda. Kesho yake nikafunga mgahawa, nikapanda gari la Kilosa, na kutoka huko pikipiki mpaka kwetu. Nikajaza changarawe ya kijani nusu gunia. Kila niliyekutana naye aliniuliza, baada ya salamu, "Mama anarudi lini?" Nikawa najibu tutaona. Nikapita nyumbani kwake kuangalia bati. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyoufunga, lakini uwanja ulikuwa umefagiwa, na alama za fagio zilikuwa mpya. Sikuuliza nani anafagia. Nilikuwa na haraka.

Mama alikifungua kile kijitunguu cha mwisho bila neno, akanipa. Nikakipanda kwenye changarawe tupu. Sikumwagilia. Sikufunika. Jamani, kukaa bila kufanya kitu ni kazi ngumu kuliko kupika pilau la harusi! Kila nikipita na ndoo, mkono unawasha. Nikawa nawaambia wasichana wangu wa jikoni wanizuie.

Likachanua. Asubuhi moja nafungua mlango wa nyuma, naliona limesimama peke yake, halina hata jani, zambarau tupu. Nilipiga kigelegele mpaka kondakta wa basi akasimamisha gari akidhani kuna harusi.

"Mama! Njoo uone! Nimeshinda!"

Akaja na fimbo yake. Akaliinamia, akaligusa kwa kidole. Akasema kitu kwa kilugha chetu, taratibu, kama anaongea na mtu. Mimi kilugha nakisikia lakini majibu yangu siku zote ni ya Kiswahili, na hapa Mikumi hakuna mwingine wa kuongea naye. Alikuwa analisalimia.

"Umeshinda," akaniambia. "Nitabaki."

Hakununa, hakulia. Mama yangu akishasema amesema. Alirudi chumbani, akatoka na kile kikapu cha mbegu, akamwita mtani wangu, ambaye alikuwa na safari ya Kilosa siku ile.

"Ukifika pale stesheni, mpe mtu yeyote anayekwenda kwetu. Waambie kanisani wagawane. Mimi sipandi tena."

Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikamtazama yule mzee nikisubiri. Huyu ni mtu aliyewahi kumtania askari wa barabarani mpaka faini ikasahaulika. Alikishika kikapu, akaangalia mbegu, akaangalia lile ua kwenye kopo.

"Leo sina utani, bibi," akasema.

Akakiweka kikapu mapajani mwangu, si mwa Mama, akarudi kwenye matairi yake.

Nikabaki nimekaa na kikapu. Mahindi, kunde, mbegu za maboga alizoosha kwa mkono wake na kupaka majivu. Nikalitazama kopo. Kwa kijitunguu kimoja cha ukubwa wa karanga nilipanda milima na kubeba nusu gunia la udongo wa kwao. Mama yangu mzima nilimletea feni. Nililia palepale mlangoni, na wateja walikuwa wanangoja chai, wakangoja.

Nilipomaliza nikaenda chumbani. "Mama, funga mizigo."

"Kwa nini? Si umeshinda?"

"Nimeshinda, kwa hiyo mimi ndiye ninayeamua. Funga mizigo!"

"Wewe mtoto una kelele," akasema, lakini tayari alishaanza kukunja khanga.

Sikumrudisha hivihivi, sijawa mjinga. Bati lake nililiwekea mfereji na tangi la kukingia mvua, ili asishike tena ile njia ya maji. Jirani anayefagia uwanja, maana nilimjua, ni mjane wa nyumba ya pili, tulipatana awe anakuja kulala kwa Mama. Nikamnunulia Mama na simu ya vitufe vikubwa, ambayo haipokei mpaka leo. Mtani wangu alitusindikiza mpaka kwenye gari, na alipoona nimesahau fimbo ya Mama, utani ukamrudia wote kwa mkupuo.

Tulifika Jumamosi. Kilima chote kilikuwa zambarau. Mimi na ua langu moja kwenye kopo la rangi, nimelipakata kutoka Mikumi, nikaona aibu kidogo. Mama hakuona aibu. Alilichuma lilelile la kopo, lililoanza kusinyaa kwa safari, akaliweka pembeni. Kisha akanituma nikakirudishe kijitunguu pamoja na changarawe yake yote pale nilipoitoa. Nikaenda, nikafukia kwa mikono, nikamrudishia kopo tupu.

Kesho yake kanisani vikapu vilipangwa mbele, kila kimoja na ua lake bichi. Cha Mama kilikuwa na lile lililosinyaa. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba angemchumia jingine zuri. Mama akamwambia aache, hilo limetoka mbali.

Ibada ilipokwisha, kabla sijaondoka kuwahi gari la Kilosa, alichota mahindi yaliyobarikiwa kwa viganja vyake viwili akayamimina kwenye lile kopo la rangi mpaka likajaa. Akanipa.

"Chukua," akasema. "Haya yanapenda mbolea. Kapande kwako, uyalishe mpaka uchoke."