Cherehani ya Mbao

Kila ninapopita mahali mafundi wanapasua mvule, lile vumbi linaloingia puani na kuchoma koo kama pilipili iliyokaangwa hunirudisha kijijini kwetu Ihanda, kwenye banda la baba yangu. Mimi ni bibi mwenye wajukuu sasa, lakini nikiinusa harufu hiyo mguu wangu wa kulia huanza kupiga chini polepole, wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Wajukuu hucheka wakidhani nasikia muziki. Hawajui kwamba mguu huo unakanyaga mashine.

Baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata kama watoto wote wa Kinyambo, alikuwa seremala. Alijifunza ufundi Bukoba, kwenye karakana ya wamisionari, na walipopata mashine za moto, zenye injini, walimpa moja ya zile za zamani zilizokuwa zikiendeshwa kwa mguu. Lori liliishusha barabarani, na kutoka hapo wanaume wanne waliibeba kwenye machela, imefunikwa blanketi isilowe mvua. Njia nzima watu walitoka migombani wakiwa wameinamisha vichwa. "Poleni kwa mgonjwa," walisema. Tata alijibu, "Tumeshapoa," kwa sababu kueleza kungechukua siku nzima.

Ilikuwa na meza ndogo ya chuma, kanyagio chini, gurudumu pembeni, na juu mkono mrefu uliopinda kama shingo ya korongo. Kati ya mkono ule na meza ulisimama msumeno mwembamba kuliko jani la nyasi. Ukikanyaga, msumeno ulipanda na kushuka haraka, ukakata mbao kwa kuzunguka, kona na mikunjo, kama mtu anayechora. Kijiji kiliuita mtambo ule cherehani ya mbao. Jirani yetu mmoja alikuja na gauni lililochanika begani, akakaa barazani kungoja zamu yake.

Tata hakuwa na mtoto wa kiume wa kumfundisha. Mdogo wetu wa kiume alikuwa bado ananyonya, na waliomtangulia walikuwa wamezikwa. Alikuwa na sisi, Dada Kokugonza aliyekuwa msichana mkubwa tayari, na mimi Kemilembe, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yamerudi. Bibi, mama yake Tata, hakupenda. "Mwanamke akishika msumeno," alisema, "mumewe atashika nini?" Tata alijibu kwamba mikono iliyopo nyumbani ndiyo mikono.

Mwanzoni hakutupa mbao. Tulikanyaga tu mashine tupu, hadi mguu ukajua mwendo wake bila kufikiriwa. Kisha akatufundisha kufunga msumeno, meno yakitazama chini, na kuukaza hadi ukiugusa kwa kucha ulie kama uzi wa zeze. Ukilegea utapinda, ukikazwa mno utakatika. Ndipo akatupa vipande vya mbao za mti wa mshambya vyenye mstari wa penseli.

Kipande changu cha kwanza kiliruka mezani kama chura. Sikuwa nimekikandamiza kwa vidole. Cha pili nilikikandamiza vizuri, lakini nilikuwa na haraka, na msumeno ukakatika kwa mlio uliokwenda mpaka tumboni mwangu. Misumeno ya akiba ilitoka Bukoba, na ilikuwa michache.

"Umeusukuma," alisema Tata.

"Ulikuwa unachelewa, Tata."

"Anayekula hasukumwi. Mpelekee chakula, umwache atafune."

Nilijaribu kuuacha utafune. Nikaukatia kona kali, nikaugeuza ubao kwa ghafla, na msumeno ukakatika tena. Nikaukemea. Tata akasema msumeno una meno tu, masikio hauna. Akanipa ufagio.

Dada alikuwa mtu mwingine. Mara ya kwanza alipokaa pale, mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Hakuuangalia msumeno, aliangalia mstari ulio mbele yake kidogo, na vidole vyake viliusogeza ubao taratibu mno hata ukadhani ubao unajipeleka wenyewe. Kwenye kona alikaa palepale, mguu ukiendelea kukanyaga, ubao ukigeuka kidogo kidogo mpaka msumeno ukaelekea njia mpya. Hakuna aliyemfundisha hilo. Baada ya majuma machache alikata ng'ombe mwenye pembe ndefu bila kuchora chochote. Tata alimpeleka yule ng'ombe mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza upande huu na ule. Akarudi akasema, "Mimi siwezi hivi." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imekatika, na Dada akainama kuokota vumbi ambalo halikuwapo.

Mwaka ule mchungaji alimwomba Tata atengeneze mimbari ya kanisa letu. Tata alipanga kuweka misalaba mbele yake, iliyochorwa kwa rula. Dada aliitazama ile michoro kwa muda.

"Tata, tuweke matawi ya kahawa," alisema. "Na majani ya mgomba. Hata Mungu anajua tunalima nini."

Tata alicheka mpaka akavua kofia. Msalaba ulibaki mmoja, katikati, na matawi ya kahawa yakauzunguka yakiwa na punje zake. Kila uwazi kati ya jani na jani ulitobolewa kwanza kwa kekee, msumeno ukafunguliwa, ukapitishwa tunduni, ukafungwa na kukazwa upya. Dada alifanya hivyo tena na tena bila kuchoka. Mimi nilipuliza vumbi ili mstari uonekane, nikasugua kingo kwa majani ya msasa hadi vidole vikawa laini kama vya mtoto mchanga. Siku moja punje ya kahawa ilivunjika karibu na mwisho, na Dada akalia. Kisha akafuta macho, akakata kitobo kwenye jani la jirani na kingine pembeni, ikaonekana kama mdudu amepita pale akala. Kila aliyeliona jani lile baadaye alilisifu kuliko mengine yote.

Katika miezi hiyohiyo mshenga alianza kuja kutoka Kaisho. Kulikuwa na kijana huko, wa ukoo mzuri, wenye ng'ombe na kibanja kikubwa cha migomba, na Dada mwenyewe alikuwa amemwona sokoni na hakuchukizwa. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Jumapili ya kuzindua mimbari, wazee wa Kaisho walikuja kusali kwetu, wakaketi benchi la pili upande wa wanaume.

Mchungaji alipanda, akaweka mikono juu ya mbao mpya, akasema katika maisha yake hajasimama mahali pazuri hivi. Akasema, "Fundi wetu asimame tumwone."

Nilimgeukia Dada. Tulikuwa tumekaa upande wa wanawake, yeye, Mama na mimi. Tata alisimama. Kanisa zima likavuma kwa furaha, wanawake wengine wakapiga vigelegele ingawa mchungaji hakuvipenda. "Mikono yako imebarikiwa," mchungaji alimwambia. Nilingoja. Nilikuwa na uhakika kwamba sasa Tata atasema ni kazi ya nani, na nilikuwa tayari kusimama na kumwonyesha Dada kwa kidole. Tata alikuwa akitazama mbele, shingo imekakamaa. "Asante, Mchungaji," alisema, akaketi.

Nyumbani wazee wa Kaisho walikula, wakanywa, wakamsifu tena. Dada aliwapelekea maji ya kunawa, akapiga magoti, akawasalimu vizuri.

Siku chache baadaye Tata alimwita bandani. Kulikuwa na watu waliotaka nakshi kama zile kwenye viti vyao.

"Nina maharage ya kupalilia, Tata," alisema Dada kwa adabu.

Siku nyingine alikuwa na kuni. Siku nyingine ndizi za kumenya. Tata hakumlazimisha, wala hakumuuliza. Alikaa mwenyewe kwenye mashine, akavunja misumeno kama mimi, kisha akarudi kwenye milango na majeneza. Kabla ya mvua nyingine Dada aliolewa.

Nilimchukia Tata kwa muda mrefu, kimyakimya, jinsi watoto wanavyojua kuchukia huku wanakula chakula cha mtu. Niliona kwamba amemwibia Dada sifa zake mbele ya watu wote. Nilijitahidi kwenye mashine ili siku moja nimwonyeshe, lakini mkono wangu ulikuwa wa kawaida, na nilijua.

Kisha asubuhi moja Tata aliifunga mashine kwa blanketi, akatafuta lori, akanichukua tukaenda Kaisho. Dada alitupokea kwa furaha ya kweli, mtoto mgongoni. Alipoiona mashine aliikaza mbeleko.

"Nimekuletea kitu chako," alisema Tata.

"Asante, Tata. Lakini mkono umesahau."

"Mkono hausahau."

"Huu umesahau, Tata."

Aliiweka kwenye banda la kahawa, akaifunika kitambaa safi. Nilipomtembelea mwaka uliofuata kuku alikuwa ametaga kwenye kanyagio, na Dada alinionyesha mayai akicheka.

Siku ile ya kupeleka mashine, tulipokuwa tukirudi kwenye lori, Tata alitazama barabara mpaka Kaisho ilipokuwa mbali nyuma yetu. Kisha akasema, akitazama vumbi, "Wale wazee walikuwa benchi la pili. Wangesema nawapa mwanamume aliyevaa gauni. Wangemkataa mbele ya watu." Nilikuwa bado mtoto, na niliona ni kisingizio. Ilinibidi nizae mabinti wangu mwenyewe, niketi chumba cha nyuma nikisikiliza wageni wa posa wakiwajadili upande wa pili wa ukuta, ndipo nikaijua hofu ile, jinsi inavyokukaba shingo usiweze kuigeuza.

Tulipomzika Tata, Dada alibaki nyumbani kwa matanga. Jioni moja tulikuwa tukipukuchua maharage, na nikamweleza maneno yale ya kwenye lori. Nilidhani nimembebea kitu kikubwa. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," alisema. "Hata mimi niliwaona wale wazee. Sikutaka aseme, Kemi. Angesema, ningekufa kwa aibu."

"Sasa ulikasirikia nini miaka yote hii?"

Alimwaga maharage kwenye ungo, akayapepeta, maganda yakaruka.

"Ningetosheka na jicho tu," alisema. "Ageuke upande wetu, mara moja, aniangalie. Watu wasingejua. Tungejua mimi na yeye."

Nilikuwa nimeketi kando yake siku ile, bega kwa bega, nikingoja neno. Sikujua kwamba mwenzangu hakuwa akilingoja neno hilo. Na Tata, aliyetusafirisha na chuma kizito mpaka Kaisho kutafuta kusamehewa, hakupata kujua alichokuwa akidaiwa kilikuwa chepesi kiasi gani.