Mbona Hapo Umegawanya?

Mdogo wangu, niliyemlea tangu wazazi wetu wafariki, alikuwa anarudia mtihani wa hisabati chuoni. Akifeli tena, anafukuzwa. Mhadhiri wao mpya hakutaka wakariri kanuni. Aliwaagiza wakamfundishe mtu nyumbani, na mtu huyo aulize sababu.

Nilikuwa uani kwetu Mkonze, napeta mtama. Mdogo wangu aliandika hesabu mchangani akinieleza kwa Kiingereza.

“Mbona hapo umegawanya?” niliuliza. “Niambie kwa Kiswahili.”

“Ndivyo inavyofanywa, dada. Wewe uliishia la saba.”

“Na mhadhiri naye aliishia la saba?”

Alicheka kidogo. Kuku walikanyaga tarakimu zake, asiwafukuze. Kisha akafuta, akaanza upya kwa maneno yaleyale ya Kiingereza, haraka zaidi.

Mtihani ulikuwa kesho yake. Niliweka ungo chini, nikauliza tena.