Helikopta ya Jeshi na Pamba ya Mkwe

Ngojeni kwanza nijicheke mwenyewe, maana aibu hii nimetembea nayo tangu ujana, na hadi leo nikipita Zagayu watu wa rika langu wananisalimia huku wanaangalia juu (eti wanatafuta helikopta).

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba imefunguliwa, wanunuzi binafsi wameingia kwa fujo, nami nilikuwa karani wa tajiri mmoja wa Bariadi aliyekuwa anajenga kiwanda cha kuchambua pamba pale Zagayu. Mashine yake ilikuwa nzito kiasi kwamba daraja lisingeihimili, ikabaki ng'ambo ya mto. Bahati ikatuangukia: kulikuwa na wageni wanatembeza helikopta kubwa ya jeshi, ile ya kubeba mizigo mizito, wanatafuta mnunuzi, wakakubali kutuvushia mashine bure ili maofisa kutoka Dar es Salaam waione ikifanya kazi. Jamani nilifurahi, hata kula nilikuwa sili, maana mimi ndiye mkalimani na mimi ndiye mtayarishaji wa uwanja, na Mzee Nkwabi, baba yake Kabula niliyekuwa nimemposa, angeniona nikimwaga Kiingereza mbele ya wakubwa.

Nilitakiwa kuchora msalaba mkubwa wa chokaa, rubani ajue pa kushusha mzigo. Chokaa ikachelewa. Kugeuka, naona pamba ya Mzee Nkwabi imerundikwa pembeni mwa uwanja inasubiri mizani, pamba safi kabisa, nyeupe, ya bei ya juu (ile iliyochafuka tunaiita fifi). Nikawaza, chokaa ya nini?

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia Mzee Nkwabi kwa Kisukuma. "Naomba kuazima pamba yako mara moja."

"Chukua, ng'wanone, mwanangu," akasema, kifua mbele. "Ndege ya jeshi ishukie pamba yangu."

Tukaitandaza, msalaba ukapendeza. Muuzaji wa helikopta, aliyekuwa ametangulia kwa gari, akaanza kuwaeleza maofisa bei, na mafuta, na vipuri, na mafunzo ya marubani, na kwamba Tanzania ikinunua moja tu, nchi jirani zote zitapanga foleni kwake. Nikawa nawatafsiria wanakijiji kwa madaha. Mzee Nkwabi akauliza hiyo bei ni ng'ombe wangapi. Nikamwambia ng'ombe wa Bariadi yote, na mbuzi juu.

"Basi iwe inajua kazi," akasema.

Ikaja, mashine inaning'inia kwenye minyororo, watu wanapiga vigelegele, na mimi katikati ya uwanja napunga mikono utadhani nimesomea, halafu upepo wa yale mapangaboi yake ukagusa chini na msalaba wote ukanyanyuka, pamba machoni, pamba kwenye kofia za maofisa, pamba kwenye miiba mpaka mashambani, rubani haoni kitu, akapanda juu akageuza akairudisha mashine kulekule ng'ambo alikoitoa.

Mzee Nkwabi akajifuta uso. "Mwambie mgeni ndege yake inabeba kweli. Shida yake inabeba hata isichotumwa."

Nikatafsiri, nifanyeje. Maofisa wakacheka mpaka wakashika magari, wakaondoka, na habari ya foleni ya nchi jirani sikuisikia tena.

"Sasa okota," mkwe akaniambia. "Ukimaliza, ndiyo tuongee habari za Kabula."

Niliokota kwenye miiba, kwenye mavi ya ng'ombe, Kabula ananisaidia huku amejifunika kanga mdomoni asicheke, na mimi nahofia kumkosa. Kilichouma zaidi ni mizani. Karani ni mimi, kwa hiyo ilibidi niiangalie pamba ile na kutamka mwenyewe mbele ya baba yake: fifi.

Mzee akauliza: "Na mkwe je, tumpange daraja gani?"

Kabula akajibu kabla yangu. "Fifi, baba. Lakini namchukua hivyohivyo."

Tangu siku hiyo nikiambiwa nisubiri chokaa, nasubiri chokaa. Na ukweni jina langu halisi wameshalisahau, hata wajukuu wananiita Babu Fifi.