Alama ya Dole Gumba

Karakana yetu ilikuwa ughaibuni, mtaa wa Saltley, nyuma ya maduka ya barabara ya Alum Rock Road. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa hawaishi kuzungumzia reli mpya ya kasi. Tulikuwa tukitengeneza vipande vya chuma kisichoshika kutu, vya kujaribia mapipa ya kuhifadhia fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja Singasinga, mzaliwa wa Kisumu. Mimi ni wa Mombasa, basi tulizungumza Kiswahili kutwa.

"Fueli ile hutolewa mtamboni ikabaki na joto miaka na miaka," aliniambia. "Pipa likiwa la moto, chumvi ya hewa ya baharini hukaa juu yake kavu, haina neno. Balaa ni baadaye. Fueli inapoa, pipa linapoa, chumvi inanyonya unyevu na kuloa. Hapo ndipo inapoanza kula chuma."

Vipande vingine tulivinyunyizia chumvi kwa kipimo, vingine tuliviacha safi ili kulinganisha. Vile safi ulikuwa huvigusi bila glavu.

Mchana mmoja nilikuwa nikila krispi za muhogo za chumvi na pilipili. Wakili wangu akapiga simu kuhusu kibali cha kukaa nchini. Kichwa kikazunguka, na simu ilipokatika nikashika kipande safi kwa vidole vilevile. Nikakifuta kwa mkono wa ovaroli, nikakirudisha. Mjinga mimi, na niliujua ujinga wangu papo hapo.

Kipande kikakaa miezi katika kabati la majaribio. Kilipotoka kilikuwa na alama ya kutu ya dole gumba, na chini yake nyufa nyembamba. Kazi yote ikabidi irudiwe. Meneja akatuita, akauliza ni nani.

Kibali changu kilitegemea kazi ile. Nikajitia hamnazo. Mzee akakitazama kile kipande, kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi," akasema. "Macho yamechoka."

Wakamwambia akapumzike, asirudi. Jioni ile akachukua kopo lake la chai akaondoka, nami nikajidanganya kwamba huenda ni kweli alikuwa yeye. Mwanzoni haikuniuma sana. Mambo yalipotulia, kibali kikaja, ndipo ikaanza kunila.

Nikasikia amelazwa hospitalini, upande wa Harborne. Nikaenda, nikakaa kando ya kitanda chake, nikamwambia yote. Nililia, sifichi.

"Nilikuona ukikifuta," akasema. "Kibali walikupa?"

"Walinipa, mzee."

"Vizuri. Lakini binti, niliposema ni mimi, nilikungoja useme, mzee, hapana. Nilitoka polepole. Nilikungoja pale kituoni mpaka basi likaja."